Atatembea Kwenda kwa Nani

Kisra, 28 Juni 1987

Mwanangu Wasila,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa kisomo amenirekebishia maneno matatu tu, kwa hiyo ukiona kosa ni langu, na ukiona neno zuri ni langu pia. Sisi wazima. Mbuzi wazima. Tini za kwanza zimeanza kulainika lakini sijazionja, nawangoja nyinyi.

Skandar ametembea? Nianzie hapo, maana ndilo lililoko moyoni, mengine ni ya kujaza karatasi. Mwana wako ana mwaka mmoja na miezi minane. Wewe kwa umri huo ulikuwa unanikimbiza mpaka chemchemini. Mtoto wa jirani yetu Dhahbiya amezaliwa nyuma yake, sasa anapanda ngazi, na mama yake anamleta kupandia ngazi za mlango wangu makusudi, juu chini, juu chini, kama anafundisha punda.

Mlete. Dawa yake unaijua, kaka yako tulimfanyia. Siku ya Ijumaa tunamfunga miguu kwa uzi wa sufu mbele ya msikiti, mtu wa kwanza kutoka kwenye swala anaukata, na mtoto anafunguka. Uzi nimeshausokota, mwekundu. Nimeusokota huku namwombea, na ulipokatika nikaanza upya kwa sababu uzi wenye fundo si wa kumfungia mtoto.

La pili. Hmida dereva, yule anayekuletea mkate wangu, ameniambia alimwona mama mkwe wako Beya pwani, yumo majini na nguo zake zote, Skandar kiunoni. Nikamwuliza, "Mtoto alikuwa analia?" Akanijibu, "Alie nini, mama Hania? Alikuwa anacheka mpaka nikamsikia barabarani." Nikasema vizuri, Mungu awazidishie furaha. Halafu nikaingia ndani nikaunguza mkate.

Sisemi kitu. Bahari ni yao. Lakini maji ya chumvi yanalainisha hata ngozi ya ngamia, sembuse mifupa ya mtoto. Usimwambie Beya kwamba nimesema.

Mama yako,
Hania


Salakta, 9 Julai 1987

Mama yangu mpenzi,

Nimecheka kuhusu Dhahbiya na ngazi, halafu nikaona aibu kucheka, kwa sababu najua umekaa nyuma ya mlango unazihesabu.

Bado hajatembea. Anasimama akishika kitu, akiachia anakaa chini na kupiga makofi, kama ndiyo mchezo wenyewe. Daktari wa Mahdia amemshika miguu, akamgonga magoti, akasema huyu mzima, ni mvivu tu kama watoto wengi wanaobebwa sana. Aliposema "wanaobebwa sana" Mama Beya akaangalia dirishani.

Bahari usiiogope. Najua unaiwazia ile uliyoiona Tunis, nyeusi, inanguruma. Hapa si hivyo. Ni ghuba ndogo, miamba imeikumbatia pande mbili, wimbi likifika ndani limeshachoka. Unakwenda hatua sitini na maji bado yako magotini. Ndiyo maana watu wanakuja na nyumba nzima: sufuria la kuskusi juu ya mwamba, shuka limefungwa kwenye vijiti vinne, wanawake wameketi majini na magauni yao kama wako sebuleni, wanasengenya. Kila mtoto ana mama kumi. Ukimkosa wako, unamkuta kwenye mapaja ya mtu usiyemjua, mdomo umejaa pilipili.

Mama Beya anamwingiza kila asubuhi. Anasema maji yanambeba, mtoto anaizoea miguu yake bila kuiogopa ardhi.

Kuja siwezi, mama. Mundhir mume wangu kiwandani hawampi likizo mpaka Septemba, na mimi peke yangu na mtoto, magari matatu katika joto hili! Njoo wewe.

Mwanao,
Wasila


Kisra, 16 Julai 1987

Wasila,

"Njoo wewe," unasema, kana kwamba nimekataa. Nije kwa mwito wa nani? Mama wa mke haendi kulala nyumba ya wakwe kwa sababu binti yake amesema njoo. Anayeita ni mwenye nyumba. Beya mdomo anao, na ana mwalimu jirani wa kumwandikia. Siku ya harusi yako alinikumbatia mbele za watu akaniambia nyumba yangu ni yako. Mwaka wa tatu huu nangoja aniambie ni lini.

Hapo pa bahari nimepasoma mara nne. Kila mtoto ana mama kumi. Haya, na mimi ni wa ngapi? Wa kumi na moja, aliye juu ya mlima na mbuzi wake? Na zamani ulikuwa unaandika "mama mkwe". Sasa naona ni "Mama Beya". Sijakasirika, nimeona tu. Macho yamefunguliwa na kisomo, ndiyo hasara yake.

Sikiliza, mwanangu, hili sijamwambia mtu. Wewe ulitembea kuja kwangu. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa upande wa pili ameshika zabibu, anakuita kwa sauti tamu, ukamwacha ukaja kwangu mimi niliyekuwa mikono mitupu. Nimeishi na jambo hilo miaka ishirini na minne. Kuna siku sikuwa na kingine chochote, nikakumbuka hilo tu, nikanyanyuka.

Naomba na huyu hatua zake za kwanza zije kwangu. Sijui kama ni dhambi kuomba hivyo, lakini naliomba kila swala. Mzuie kidogo. Siku ya kwanza ya Awusu, zikianza zile siku arobaini za joto kali, najua mtaingia baharini wote kupigwa na yale mawimbi saba ya kuondoa maradhi, watu na kondoo wenu. Akisimama huko, mkalishe. Mkalishe tu, mpaka nimwone.

Mama yako


Kisra, 21 Julai 1987

Kwa mkwe wangu mheshimiwa Beya,

Nakusalimia salamu nyingi kama tini za mlima wetu, pamoja na watu wote wa nyumba yako. Natumaini kiuno hakikusumbui, maana nasikia unakipa kazi kubwa kila asubuhi.

Nakushukuru kwa kumlea mjukuu wangu. Mungu akulipe. Nasikia mtoto anakujua sana, na anacheka sana, na hilo linatufurahisha sana sisi tulio mbali. Ningekuomba tu kwa heshima usimkawishe majini. Nyinyi watu wa pwani mmezoea chumvi tangu tumboni, yeye nusu yake ni wa mlimani, na nusu hiyo nadhani ndiyo ya miguu. Huku tuna dawa yetu ya mtoto asiyetembea na tumeshaiandaa, tunangoja mtoto tu.

Ningekuja kumwona, lakini sisi hatupendi kuwasumbua watu ambao hawajatuita.

Wako katika udugu,
Hania, mama wa Wasila


Salakta, 27 Julai 1987

Mama mpenzi,

Sisi hatujambo. Joto ni kali, kuku wawili wamekufa. Awusu imeingia na siku ile tulishuka pwani wote, watu hata mahali pa kuweka mguu hapakuwepo, maji kama supu. Mundhir anakusalimu. Nimejifunza kupika pweza aliyekaushwa. Jirani mmoja ameozesha, ngoma siku tatu, hatukulala.

Skandar anakula vizuri. Kuhusu lile, bado, mama. Bado.

Wasila


Salakta, 30 Julai 1987

Kwa Hania, mkwe wangu, mwanamke wa mlima,

Mwalimu Munjiya anaandika, mimi nasema, na nimemwambia asinipunguzie hata neno, akipunguza samaki wa kwangu hali tena.

Barua yako imefika. Nimesomewa mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikaambiwa haikuwa ya kuchekesha. Unasema chumvi inalainisha. Mimi nimo katika bahari hii miaka sitini, njoo unigonge goti uone nani laini!

Eti hamsumbui watu ambao hawajawaita. Nani amekuita mgeni hata uitwe? Kwetu anayetumiwa mwito ni mtu baki. Wa nyumbani anasukuma mlango, anauliza kumepikwa nini. Miaka mitatu nakungoja usukume. Nimekaa nikasema, yule mama ana maringo, nyumba yetu inamnukia samaki.

Na usidhani ni wewe tu mwenye moyo. Nikipika mkate wangu, Wasila anaula kwa adabu. Hmida akileta wako, anakaa nao peke yake pembeni, ananusa kwanza. Siku hizo mimi huenda kwa jirani.

Sasa njoo haraka, kwa sababu nimechoka. Skandar, samaki wawe juu yake, tangu siku ya Awusu amenikata pumzi. Jana amekimbia pwani yote na kandambili ya mtu, samaki wawe juu yake, mwenye kandambili nyuma, mimi nyuma ya mwenye kandambili, na kiuno hiki unachokisalimia. Huyo ndiye mliyesema hana miguu! Njoo tumkamate wawili.

Beya


Kisra, 4 Agosti 1987

Wasila,

Amekimbia.

Tarehe ishirini na saba umeniandikia "bado", tena mara mbili. Tarehe thelathini mkweo ananiambia anakimbia tangu Awusu. Nimeweka karatasi mbili kando kwa kando juu ya kitanda nikazitazama mpaka adhana.

Unakumbuka tulivyomficha Dhahbiya mimba yako mpaka mwezi wa sita? Nilikuvalisha gauni langu pana. Nilisema, huyu mwanamke ana jicho la husuda, mtoto asionekane. Hivyo ndivyo mlivyonifanya mimi. Mimi ndiye Dhahbiya wenu. Na Beya ndio kabisa, ameandika "samaki wawe juu yake" ndani ya barua, kwangu, mbele ya uso wangu, si mara moja. Hapa Kisra neno hilo linasemwa kumkinga mtoto mbele ya mtu unayemwogopa jicho lake, basi. Nimezeeka, nimepewa na samaki wangu.

Nilikuwa na kijicho, sikatai. Nilimwonea Beya wivu kwa kila tone la maji lililomgusa yule mtoto. Lakini wivu wangu ulikuwa kwa Beya. Kwa mtoto sikuwa nao, Mungu ni shahidi, kwa mtoto nilikuwa na kiu tu.

Msimlete. Msinitumie salamu kwa Hmida, nimemwambia asipokee.

Hania


Salakta, 10 Agosti 1987

Mama,

Barua hii ameichukua Hmida kwa kiapo kwamba ataitia chini ya mlango akimbie. Isome mpaka mwisho, halafu ichane ukitaka.

Kwanza samaki. Huku neno hilo halina mtu. Mkate ukiumuka, samaki wawe juu yake. Paka akizaa, samaki. Wanamwambia daktari, wanaliambia gari jipya la taka. Mama Beya akipumua anatoa samaki watatu. Hakujua, na nilipomsomea ulichoandika alishika kichwa akakaa chini sakafuni. Hakula mchana ule.

Pili mimi. Mimi nimesema uongo, si yeye. Yeye hakujua kwamba nimekuandikia "bado".

Siku ile ya Awusu Skandar alisimama majini. Nikaikumbuka barua yako. Nikamkalisha. Mama Beya akaniuliza, "Wee, unafanya nini?" Nikasema kuna kaa. Akasimama tena, nikamkalisha tena, na safari hii alilia. Nilimkalisha mwanangu mara mbili, mama, kwa ajili yako, wakati nimengoja miezi minane asimame. Mara ya tatu mkono niliunyoosha ukakataa kushuka. Nikaurudisha.

Akaenda. Na unajua alikwenda kwa nani? Mama Beya alikuwa mbele yake amepiga magoti majini, mikono imefunguka, "njoo kwa bibi, njoo kwa bibi," na machozi tayari. Akampita, hata hakumtazama. Kulikuwa na familia ya Sfax wamelitia tikiti lao majini lipoe, linaelea, na yeye alikwenda kwa tikiti. Hatua tisa. Akalikumbatia, wakaanguka wote wawili, na pwani nzima ikapiga vigelegele.

Basi nikawaza, hakuenda kwa mtu. Kwa hiyo bado iko nafasi. Nikasema nitakunyamazia, utakapokuja nitamwachia mbele yako, atakuja kwako, na tutasema hizo ndizo za kwanza. Nilitaka uipate, hata kwa uongo.

Mama, sukuma mlango.

Wasila


Kisra, 2 Septemba 1987

Mwanangu Wasila,

Nimefika salama. Mbuzi walimchosha Dhahbiya, mmoja amemlia kitambaa cha kichwa, nimemwomba radhi lakini si sana.

Nimekaa kwenu siku sita, nimelishwa mpaka gauni limekataa, na Beya amenilaza kitandani kwake yeye akalala chini, tumegombana kila jioni na kila jioni ameshinda. Hayo umeyaona. Nakuandikia usiloliona.

Siku ya kwanza Skandar aliponiona alificha uso kwenye gauni la Beya. Mkasema hajalala vizuri. Nilikubali, hajalala vizuri. Siku ya pili ulimwachia mbele yangu kama ulivyopanga, ukanikonyeza, mimi nikafungua mikono, naye akatembea mpaka kwenye kikapu cha zabibu. Tukacheka wote. Mimi nilicheka zaidi yenu, utakumbuka.

Siku ya tatu asubuhi, wewe unakaanga mayai na Beya anafunga shuka kwenye vijiti, nikasema nampeleka mtoto akaloweshe miguu. Uzi ulikuwa kifuani kwangu. Nilitoka nao Kisra na sikumwambia mtu, hata mwenyewe nilijiambia nimeusahau humo. Nikaenda naye mpaka nyuma ya mwamba, maji yakanifika chini ya goti. Nikamsimamisha, nikamfunga miguu.

Mtoto anayetembea, Wasila. Nilimfunga mtoto anayetembea. Niliwaza, nikimfunga mimi na kumfungua mimi, basi kutembea kwake kutakuwa kumepita mkononi mwangu kidogo. Alinipa mguu mmoja, akanipa wa pili, kama vile namvisha viatu. Hakulia. Nikarudi nyuma hatua mbili nitafute kijiwe chenye makali cha kuukatia, na nilipoinua uso alikuwa ananitazama mimi. Si zabibu, si tikiti. Ananyoosha mikono. Alitaka kuja kwangu, mwanangu, hatua mbili tu, na hakuweza, kwa sababu nilikuwa nimemfunga. Akaanguka kifudifudi.

Nilimtoa mara moja, amekohoa tu. Lakini sufu ikilowa inakaza, fundo likawa kama jiwe, vidole vyangu haviliwezi, na meno yangu unayajua yalivyobaki. Nikapiga kelele. Sikukuita wewe, sijui kwa nini. Niliita, "Beya! Beya!"

Akaja na mwili wake wote, maji yanaruka. Akautazama uzi, akanitazama mimi. Nikangoja anitukane, nilikuwa nalitaka hilo tusi. Akauinamia mguu wa mtoto, akautafuna uzi mpaka ukakatika, akatema. "Sufu ya mlimani," akasema, "ngumu kama wenyewe." Mtoto alikuwa mikononi mwangu, analia, akamnyooshea mikono yeye.

Nikampa. Hakuninyang'anya, usije ukadhani. Nilimpa.

Tukakaa pale nyuma ya mwamba. Akaniambia siku ile alipopitwa kwa ajili ya tikiti alilia, na watu walipouliza akasema ni chumvi. Kisha akasema, "Mkwe, la majini libaki majini." Na najua amelinyamazia, kwa sababu uliniuliza mezani mbona mtoto ana alama kifundoni, na kabla sijafungua mdomo yeye akajibu ni mwani umemsugua.

Kwa hiyo nakwambia mimi. Kwanza kwa sababu ni mwanao na una haki ya kunikasirikia. Pili, nikuambie ukweli, sitaki Beya awe na jambo langu ambalo wewe huna. Unaona? Wivu haujaisha. Hmida ameniambia leo kwamba jana Skandar alikuwa mabegani kwa Beya, ameshika masikio yake kama hatamu, na kitu kikanichoma papa hapa. Mkwe mwema, mwanamke mwema, nimelala kitandani kwake, na bado kikanichoma.

Lakini wewe usinifiche tena. Akimwita yeye mama, niandikie. Akiulizwa Hania ni nani akatikisa kichwa, niandikie. Nitalia nimalize, mimi ni mtu mzima. Na siku yoyote akisimama, kwa jambo lolote, anakwenda kwa mtu yeyote, usimkalishe kwa ajili yangu.

Mama yako,
Hania